Ijumaa za Mama, Ijumaa Zangu

Kila Ijumaa mama yangu alikuwa akifunga kula kule Kitui ili mimi nisimame, na kila Ijumaa mimi nilikuwa Nairobi, kwenye kiti changu cha magurudumu, nikila sambusa. Nimejaribu kuianza habari hii kwa njia yenye heshima zaidi, nikashindwa. Kama na wewe umeambiwa juzijuzi kwamba miguu hairudi, au unamsukuma mtu aliyeambiwa hivyo, nisome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Naitwa Ndinda. Ugonjwa wangu ulikuwa kifua kikuu, ila kifuani hakikufika. Kilikaa kwenye uti wa mgongo. Sikukohoa hata mara moja, kwa hivyo hakuna aliyekifikiria. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, mtu wa kukaa kutwa, na mgongo ulipoanza kuuma nililaumu kiti cha ofisi. Krismasi nilipokwenda nyumbani mama alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akanikanda kwa mafuta ya kuchua, akasema huo ni uchovu wa Nairobi. Nilipata nafuu. Nikarudi mjini na chupa mbili za mafuta hayo kwenye mkoba.

Mvua za masika zilinikuta nikijikwaa kwenye sakafu tambarare. Kabla hazijaisha, niliamka asubuhi moja nikaiambia miguu ishuke kitandani, nayo ikatulia palepale kama vile nilikuwa nasema na mtu mwingine.

Sitakueleza mambo ya madaktari, hayo utaambiwa na wenyewe. Nitakueleza ambayo hawasemi. Kuna vidonge vyekundu vinavyogeuza mkojo kuwa rangi ya soda ya machungwa, na kama una mrija, mfuko unaning'inia kando ya kitanda na kila mgeni anauona, hata mchungaji. Kuna mkanda wa plastiki ngumu kutoka kifuani hadi kiunoni, unaokufanya ukae wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mapaja yanapungua mpaka unaogopa kuyatazama ukioga, halafu mikono inanenepa kwa kusukuma kiti, na blauzi zako zote nzuri zinakataa kupita mabegani. Zangu niliwagawia shemeji zangu, nikitabasamu kama mtu mkarimu.

Tulikuwa tunakaa Hurlingham, orofa ya tatu, nyumba isiyo na lifti. Mume wangu, Mutinda, alinipandisha na kunishusha mgongoni siku za kliniki, bawabu akibeba kiti nyuma yetu. Mutinda hakuwahi kulalamika. Angelalamika ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Tulihamia Woodley, kwenye nyumba ya zamani ya chini yenye kiwanja kidogo, naye akamwaga saruji mwenyewe kutengeneza rampu ya mlangoni. Ya kwanza ilikuwa na mteremko mkali, nikaserereka nayo mpaka kwenye maua ya jirani. Akaivunja akaanza upya. Jioni zile ndizo zamani alizokuwa akienda mazoezi ya kwaya. Aliacha kwaya bila kuniambia, nami nikajifanya sijaona.

Mama alikuja hospitalini mara moja tu, maana hakuwa na wa kumwachia mifugo. Alishika vidole vyangu vya miguu, kimoja kimoja, akiniuliza kama nasikia. Sikuwa nasikia kitu. Akauliza ni siku gani natakiwa kwenda mazoezi ya viungo nikishatoka. Nikamwambia Ijumaa.

"Basi Ijumaa wewe utafanya mazoezi, mimi nitafunga," akasema. "Tutakutana katikati."

Sisi wawili tunazungumza Kikamba, hapa nayaandika kwa Kiswahili. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya kanisa akaweka nadhiri kwamba kila Ijumaa hataonja chakula toka alfajiri hadi jua kuzama, mpaka Ndinda asimame. Kanisa zima likasema amina. Nadhiri iliyosikiwa na kanisa zima haifutwi kwa simu.

Mwanzoni tulikwenda sawa. Yeye alifunga, mimi nikatoka jasho. Kliniki ya mazoezi ilikuwa Hurlingham, na chumba chake cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao ambayo watu wa viti hatuyahitaji, na televisheni iliyozimwa sauti. Pale watu hawaulizani majina. Wanaulizana, "Wewe ni wa nini?" Mimi nilikuwa wa mgongo. Mwanamke aliyekuwa anakaa karibu na dirisha, mwenye shungi la hariri na kiti chekundu, alikuwa wa polio, tangu utotoni. Siku hizo alikuja kwa sababu ya mabega, yaliyochoka kusukuma. Jina lake Shirin, nyumbani kwake ni Muthangari. Asili yao ni Uhindi, ila babu yake alizaliwa hapahapa Nairobi, jambo analolitaja kila anaposifiwa kwa Kiswahili chake.

Baridi ya Julai ya mwaka uliofuata ilipofika, mtaalamu wangu wa mazoezi alivuta kigoda akakaa chini kidogo kuliko mimi. Mtu wa hospitali akikaa chini kuliko wewe, jua kuna neno.

"Ndinda, tulichoweza kupata tumepata," akasema. "Sasa tujifunze kiti vizuri."

Nilitoka pale nikalia kwenye chumba cha kungojea, mbele za watu. Shirin alinipa kitambaa, akangoja nipenge kamasi.

"Sasa Ijumaa utakaa kwa nyumba ufanye nini? Ulie?" akauliza. "Hiyo kulia utafanya jioni. Mimi hii Nairobi naijua kwa magurudumu. Ijumaa ijayo, saa nne, uwe umevaa."

Mumewe, Bwana Amir, ana gari la zamani lenye mlango mpana wa nyuma. Kila Ijumaa alitushusha mahali, akaenda zake swala ya mchana, akarudi kutuchukua. Ndiyo maana ikawa Ijumaa tena. Sikuichagua mimi, lakini pia sikuikataa.

Sasa nitakuambia utamu wake, maana usipoujua hutaelewa nilivyojichukia.

Shirin alinifundisha kupiga simu kabla ya kwenda popote. Usiulize kama kuna rampu. Nairobi kila mtu atakujibu, "Hakuna shida, njoo, vijana watakubeba." Uliza ngazi ni ngapi kutoka lango hadi meza, na mlango wa choo unafunguka upande gani. Mahali pamoja Westlands, ambapo sitapataja, walituapia kwamba choo cha walemavu kipo. Kweli kilikuwepo, kimejaa ndoo na fagio mpaka juu. Shirin alikwenda akakaa katikati ya mgahawa akasema kwa sauti ya upole kwamba atangoja hapohapo mpaka kitolewe vitu, na kwamba yeye kibofu chake si cha kuaminika. Ndoo zilitoka upesi.

Mabawabu wa milangoni ndio walionifurahisha. Wana kile kifaa cha kupitisha mwilini kutafuta chuma. Kijana wa watu anakipitisha kwenye kiti changu, kinapiga kelele, anakitazama, ananitazama, anapitisha tena. Siku moja pale Makumbusho Shirin alimwambia mmoja, "Endelea tu, baba, labda utapata kitu." Tulicheka mpaka nikashika ubavu, na yule bawabu naye akacheka.

Lakini mahali petu hasa palikuwa bustani ya miti ya Arboretum. Kuna njia pale inayoteremka taratibu chini ya miti mikubwa, na ukiachia magurudumu upepo unakupiga usoni. Mara ya kwanza nilishika breki njia nzima. Mara ya tatu niliachia. Ilikuwa Oktoba, jakaranda zimemwaga maua kila mahali, na nilipofika chini nilikuwa nimepiga kelele kama mtoto. Tangu niugue sikuwahi kwenda mahali popote kwa kasi yangu mwenyewe. Shirin alifungua bakuli la sambusa za nyama alizokaanga asubuhi, tukala mpaka zikaisha.

Saa kumi simu ililia. Ni mama.

"Umeshindaje huko?"

"Vizuri, mwaitu," nikajibu, maana ndivyo tunavyomwita mama. "Nimechoka kidogo."

"Uchovu ni mzuri. Ni miguu inaamka."

Sauti yake ilikuwa kavu, sauti ya mtu ambaye hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mimi nilikuwa na mafuta ya sambusa vidoleni. Angalia kwamba sikumdanganya neno hata moja. Nilishinda vizuri na nilikuwa nimechoka. Ndivyo nilivyojitetea wiki baada ya wiki, na kila wiki utetezi ulizidi kuninukia.

Mutinda alikuwa akiniambia, "Mwambie mama."

Nikasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita, nikasema baada ya Krismasi. Niliogopa nini? Si kwamba atalia. Niliogopa kumwambia kwamba nimeacha kuomba. Kina mama wa kanisa letu la hapa Nairobi walikuwa wakija nyumbani, wakiweka mikono kwenye magoti yangu, wakisema kiti hiki ni cha muda tu. Mimi nilifumba macho nikiwaza Ijumaa tutaenda wapi. Mtu mgonjwa anaruhusiwa kuvumilia. Kufurahi, wakati mama yako ana njaa kwa ajili yako, nilikuwa sijasikia aliyeruhusiwa.

Masika mengine yakapita, na Julai nyingine. Mvua za vuli zilipokuwa zimeanza kunyesha tulikuwa kwenye bustani ya hoteli moja ndogo, chini ya hema, tukila bajia, simu ikalia kabla ya saa kumi. Alikuwa Kalondu, mke wa kaka yangu.

"Mama ameanguka kanisani," akasema. "Amemeza vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari bila kula. Ameamka sasa, tumempa chai ya sukari. Lakini anasema hiyo chai imemharibia mfungo, ati kesho ataulipa."

Bajia ilikuwa mdomoni. Sikuweza kumeza, na kutema mbele za watu nikaona aibu. Nilikaa nayo hivyo mpaka Shirin akanipa karatasi mkononi bila kuuliza.

Tulimleta mama Nairobi aonwe na daktari. Daktari alimwambia waziwazi kwamba kwa sukari yake asifunge tena, siku nyingine hataamka. Mama alimsikiliza kwa adabu, mkoba mapajani, akamjibu, "Daktari, nashukuru. Lakini nadhiri si yako." Nilikuwa kando yake pale pale. Neno moja langu lingetosha, na sikulisema.

Ijumaa ikafika. Nilipotoka chumbani, mama alikuwa ameshavaa leso yake nzuri na viatu vya kanisani, kakaa mezani mbele ya kikombe cha maji.

"Leo nakusindikiza mazoezini," akasema. "Nataka kuona wanavyokufanya."

Mutinda aliinama sikioni mwangu. "Amemeza vidonge. Na chai amekataa." Kisha akaanza kutafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake.

Honi ikalia nje. Mutinda alinipandisha, mama akafuata. Garini Shirin alimsalimia mama, akanitazama, akaelewa. Niliweka mkoba wa vyakula alivyopika yeye mapajani na kuukumbatia. Bwana Amir akauliza tunaelekea wapi leo.

"Arboretum," nikasema.

Tulipofika, mama alinisukuma mwenyewe toka langoni, akitazama huku na huku. Njia ilipoanza kuteremka aling'ang'ania vipini vya kiti kwa mikono miwili.

"Wako wapi wanaokufanyisha mazoezi?"

"Hawapo, mwaitu. Walimalizana nami zamani, Julai ile ya mwaka jana. Walisema sitasimama."

Alikizungusha kiti anione uso. "Na Ijumaa zote hizi?"

"Nilikuwa nakuja huku. Huku na kwingine."

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Kula."

Shirin, ambaye huwa hakosi la kusema, alikuwa anasoma kibao cha jina la mti.

Mama aliketi kwenye benchi la pembeni. "Kwa hivyo mimi nashinda njaa, na wewe uko hapa unakula."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa. Lakini niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na vidole vilivyoshika leso vilikuwa vinatetemeka. Nikafungua bakuli. Nilimpa sambusa, akausukuma mkono wangu.

"Nadhiri," akasema.

"Mwaitu, nadhiri ilikuwa ya miguu, na miguu mimi siiombi tena. Nimekosa kukuambia. Nafurahi huku. Wewe una njaa na mimi nafurahi, na naona haya mpaka usiku silali. Ukianguka tena nitakuwa nimekuua mimi."

"Si kwa ajili ya miguu yako peke yake," mama akasema.

Alifungua viganja vyake juu ya mapaja akavitazama.

"Hii ndiyo mikono iliyokukanda. Krismasi ile ungekwenda kwa daktari. Mimi ndiye niliyesema ni uchovu, nikakupa na mafuta uondoke nayo. Ukisimama, basi sikukosa kitu. Usiposimama ni mimi."

Miaka hiyo yote nilidhani anamwomba Mungu jambo langu. Nilimwambia kwamba nilikuwa mtu mzima, mwenye kadi ya bima na hospitali karibu na ofisi. Nilipaka mafuta yake kila jioni kwa sababu nilitaka sana uwe uchovu. Sijui kama alinisikia. Alikuwa anatazama ile njia.

"Hapa unashukaje?" akauliza.

"Peke yangu."

"Nionyeshe."

Nilisema ale kwanza. Akasema nionyeshe kwanza. Basi nikamwachia Shirin bakuli, nikaachia magurudumu. Sikupiga kelele siku hiyo. Nilishuka tu, upepo usoni, nikafika chini nikageuka, na kupanda tena nikapanda kwa mikono yangu mwenyewe, ile minene, nikihema. Mama alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono mdomoni. Nilipomfikia alinishika bega, akalibonyeza kama anayepima embe sokoni.

"Una nguvu," akasema. Akanyoosha mkono. "Lete."

Mama hali kitu bila kuomba. Aliishika sambusa, macho wazi, akamshukuru Mungu kwa kuniweka hai, kwa huyu mama aliyepika na bwana aliyetuleta. Halafu akasema, "Na asante kwa njia hii isiyo na ngazi." Shirin akaitikia amina kwa sauti kubwa kutupita.

Akala. Alipoimaliza alisema pilipili imezidi.

"Hiyo ni ya kwetu, mama," Shirin akamwambia. "Utazoea."

Akachukua ya pili.

Garini wakati wa kurudi hakusema nami, wala siku iliyofuata hakusema sana. Alikuwa na haki. Jumapili alimtuma Mutinda akanunue muda wa maongezi ili ampigie mchungaji wa kwao, akajifungia chumbani akazungumza naye kitambo kirefu. Walichokubaliana sikuulizwa. Alitoka akaniambia kwamba kanisa litaelezwa na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na kwamba mimi nikome kujificha.

Kwa hivyo sijifichi. Nikipita kwenye njia mpya ya lami ya waendao kwa miguu kando ya Ngong Road, kina mama wa kanisa wakaniona na koni ya aiskrimu, nawapungia. Mutinda nilimwambia arudi kwaya. Alibisha siku mbili, akarudi, na sasa jioni hizo najitengenezea chai mwenyewe kwenye jiko alilonishushia. Hatia haijaisha. Namwona akifika nyumbani akiimba sauti ya pili peke yake, nafikiria miezi aliyonyamaza. Ninachoweza kukuambia wewe ni kidogo. Kama kuna mtu anafunga, au analia, au ameacha kitu chake kwa ajili yako, mwambie mapema ulikofika. Akikasirika, akasirike angali ana nguvu.

Mama alirudi Kitui kabla ya vuli kuisha. Ijumaa ya kwanza saa kumi simu ililia, nikaishika kwa woga ule wa zamani. Nilikuwa Makumbusho, chini ya mti, Shirin anasinzia kitini pake.

"Leo umeenda wapi?"

Nikamwambia.

"Kuna ngazi?"

"Hakuna. Kuna lifti."

"Na choo?"

"Kipo, mwaitu. Kisafi."

"Umekula nini?"

Nilipangusa mafuta vidoleni. Nikamwambia viazi karai na chutney ya ukwaju, na maandazi mawili.

"Haya," akasema. "Mimi nimepika muthokoi wa mahindi yetu na maharagwe. Usikate simu, nile na wewe."

Nikasikia kijiko kikigusa sahani.